Sensa Iliyokufa kwa Bi Zuhura

Mjambere, Jumanne, baada ya isha

Imenishinda, wallahi. Sensa ya joto kwenye ile mashine ya nje ya eyakondishena, paani kwa Bi Zuhura, imekufa. Nimeitia kwenye maji ya moto, nikaitia kwenye maji ya barafu, mshale wa mita haukutikisika. Nikafunga nyingine niliyoichomoa kwenye eyakondishena mbovu. Mashine ikanguruma kidogo, ikazima. Sensa ya aina yake mjini hakuna. Labda Dubai, na mpaka ifike...

Kile chumba ni tanuri. Bi Zuhura amelala humo tangu Ramadhani, hageuki ila ageuzwe, na mgongo umeanza kuchubuka.

Nilishuka paani nikiomba asiniulize. Akaniuliza.

“Mwanangu, itapona?”

“Inshallah, mamangu.”

“Na daktari asubuhi kanijibu vivyo hivyo.”

Nilijiinamia nikikusanya spana, nikidhani amesinzia. Kumbe anamwita bintiye, anamwambia anipe maji baridi, maskini nimeungua na jua huko juu.

Niliyanywa yote nimesimama, nimempa Bi Zuhura mgongo.