Mume Mpya wa Syombua

Dudley, Uingereza
Jumapili, nimetoka kanisani

Baba mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Natumaini mvua hizi hazijaamsha kifua cha Mama, na kwamba goti lako linakubali kupanda ngazi ya banda la njiwa bila kulalamika sana. Mimi ni mzima. Kazi katika nyumba ya wazee inaendelea vizuri, miguu inauma jioni lakini chakula ninakula, na nimenunua koti zito, kwa hiyo Mama aache kuota kwamba ninatetemeka.

Barua yako niliipata juzi. Ilikuwa na kurasa tatu, na karibu zote zilikuwa habari za njiwa. Harusi ya binamu yangu uliipa mstari mmoja, kwamba watu walikula wakashiba. Sikushangaa, nakujua.

Pole sana kwa Ndeke. Nilipofika pale uliposema mwewe alimnyakua mbele ya macho yako, akiwa bado anabiringika, niliweka barua chini kwanza. Nakumbuka siku ulipomleta yeye na mke wake Syombua ndani ya sanduku la viatu, mvua inakunyeshea, baada ya meneja wa ile ranchi ya Kinanie kufunga virago na kukuachia wewe, mpishi wake, ndege wake wawili. Ulituambia ni njiwa wa Ulaya wanaoanguka makusudi, na sisi tukacheka. Halafu tukawaona juu ya nyumba. Wanapaa, ghafla mmoja anajitupa nyuma, anabiringika kama mpira, anashuka hadi unashika kichwa ukidhani amekufa, kisha anajiokota na kurudi kwa mwenzake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu hapo watu wakitoka kanisani wanapitia kwetu, na nadhani wanaangalia juu zaidi hapo kwetu kuliko wakati wa maombi.

Sasa nije kwa lile uliloniagiza. Uliandika: "Wewe uko kwao. Uliza hawa ndege ni wa mbai gani, wa ukoo gani, nisimpatie Syombua bwana ambaye ni ndugu yake." Nilicheka peke yangu chumbani mpaka anayepanga chumba cha pili akagonga ukuta. Lakini nimeuliza, Baba, na jibu utalipenda nusu tu.

Nyuma ya nyumba hii anakaa mzee mmoja anaitwa Len, aliyefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilikuwa naanika nguo, nikasikia yale makofi ya mabawa, nikainua macho, na shuka ikaniponyoka ikaanguka matopeni. Njiwa wako, Baba! Yaani walikuwa wake, lakini walibiringika vilevile. Nililia, sitaficha. Len akaona mwanamke analia juu ya shuka chafu, akadhani ndege wake wamenichafulia nguo, akaja mbio kuomba msamaha. Ndivyo tulivyojuana.

Basi nilipopata barua yako niliipeleka kwake. Zile herufi ulizoandika kutoka kwa pete ya mguu wa Syombua alizitambua mara moja. Ni za chama cha wafugaji wa njiwa cha hapahapa, kilichokufa zamani. Katibu wake aliaga dunia na mke wake akawashia moto karatasi zote. Kwa hiyo hatutajua ni banda la nani, lakini Syombua ni mtu wa hapa. Huenda nyanya yake aliruka juu ya paa hili ninalolala chini yake.

Kisha akauliza, na hao waliozaliwa kwenu, baba yako ameandika? Nikamwambia kwetu hatuandiki, tunaita majina. Dume wa kwanza anachukua jina la babu, jike wa kwanza jina la nyanya, kama sisi watoto wako. Nikamtajia wote, vile unavyowataja ukiwaita kula mtama. Akatingisha kichwa, akasema hajawahi kuona njiwa wenye heshima hivyo. Halafu akauliza wake zao walitoka wapi.

Hapo nilijibu kwa maringo. Mmoja kwa Mzee Kioko jirani, mmoja sokoni Machakos, mmoja kwa masista. Nikamweleza kwamba kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, kwamba baba yangu ni mzee wa kanisa na hata njiwa wake wanaoa sawasawa, kwamba kwa Kioko ulipeleka sukari ya mahari. Len aliweka kikombe chini. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Mwambie baba yako," akasema, "anawamaliza kwa adabu."

Baba, kaa chini usome hapa polepole. Unalalamika kwamba tangu mvua ya El Nino ilipong'oa paa la banda, vijana wanapiga mabawa kidogo tu halafu wanakaa juu ya mabati kama kuku. Umelaumu mahindi, umelaumu baridi, na katika barua ya mwisho ulianza kumlaumu Kioko kwamba ana jicho baya. Si hayo. Kubiringika kumo ndani ya damu, na kila mke wa nje anapunguza hiyo damu nusu. Watoto wa Syombua mwenyewe wameliwa na mwewe na paka. Amebaki yeye peke yake mwenye damu kamili, na ni mzee. Mayai ya mvua hizi yanaweza kuwa ya mwisho. Ukimletea dume la Kioko, tutakuwa na njiwa wazuri wa mchuzi.

Len anasema apewe mjukuu wake, Ndeke mdogo, ambaye uliandika kwamba ndiye pekee bado anaanguka vizuri.

Nakusikia hadi hapa. "Mimi nimwoze nyanya kwa mjukuu wake? Na niko mzee wa kanisa? Watu watanisema mpaka siku ya kunizika!" Na Mama naye kutoka jikoni: "Hii nyumba iko na wazimu, na wote ni wa upande wa baba yenu."

Lakini mkumbuke Susu, mama yako mzazi. Kaka yangu Mutua alichukua jina la babu, na Susu alimwitaje? "Bwana yangu." Alimwekea firigisi. Alimgombeza akichelewa kurudi, akamdai kuni na tumbaku, na mimi nikimchokoza ananifukuza na fimbo: "Wacha bwana yangu!" Hakuna aliyeita mkutano wa ukoo. Najua Susu alikuwa anatania. Njiwa hawajui utani, na hapo ndipo bahati yetu ilipo. Syombua ni mjane, na bandani yuko anayeitwa jina la mumewe. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, kwa kufuata mila. Nani atakusema?

Wafungie wawili peke yao mpaka wazoeane. Kinda litakalobiringika vizuri lisiuzwe wala lisipewe mkwe yeyote.

Msalimie Mama sana, nitampigia kwa simu ya duka Jumamosi. Mwambie Mutua, mwalimu wetu, aache chaki kidogo aniandikie. Na Mzee Kioko mwambie sina neno na dume lake, ni zuri, akae nalo.

Kuna jambo moja limebaki. Len na marehemu mkewe hawakujaliwa mtoto. Nilipomweleza kwamba kwetu mjukuu humrudisha babu kwa jina, aligeukia banda lake. Kisha akauliza, akiwatazama ndege wake na si mimi, kama njiwa aliyepewa jina la mtu naye anahesabika. Nikamwambia wa kujibu hilo ni wewe tu. Sasa kila asubuhi nikitoka kwenda kazini ananiuliza juu ya ukuta kama barua imekuja. Ni mzee, Baba, kama Syombua. Usiwacheleweshe hao wawili.

Mimi binti yako, ambaye bado anaangalia juu,
Mwende