Kuku Aliyebatizwa

Baba Esta,

Nimekwenda Kihesa kwa dada kuomba kuku. Maharage yako motoni, yaangalie yasiungue.

Utauliza, mtetea wetu ana nini? Asubuhi nanoa kisu, nageuka tu, nakuta wanao wamembatiza kwenye beseni la vyombo. Wamempa jina la mama yako! Sasa Esta amemkumbatia, analia: “Mama, utamchinja bibi?” Na mchungaji anakuja kula mchana huu huu. Watoto hawa watanimaliza!

~~Wakitoka kucheza, mchinje.~~ Hapana, usimguse. Esta hatatusamehe.

Mchungaji akinitangulia kufika, chinja jogoo. Naye wamembatiza, lakini huyo wamempa jina lako, na sijaona anayemlilia.

Mama Esta