Nilimwahidi Bi Assunta Kwamba Mtini Hautakatwa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, mimi niliishia darasa la nne kule visiwani Azores na tangu nifike hapa Toronto miaka thelathini na moja iliyopita mikono yangu imeshika ufagio zaidi ya kalamu.

Mwanangu Nélio ana mke na watoto wawili, wamepanga vyumba juu ya duka la viatu, kodi inapanda kila mwaka, na kila nyumba wanayoitaka wanazidiwa bei, maana siku hizi nyumba moja inagombewa na watu kumi, unapeleka bei yako asubuhi, jioni unaambiwa umeshindwa. Mara sita wameshindwa. Ya saba ikawa nyumba ya Bi Assunta, mjane wa Kiitaliano wa miaka themanini na minne, nyumba ya matofali yenye mtini uani ambao mumewe aliupanda, na dalali wetu akasema huyu muuzaji ni mtu wa moyo, mwandikieni barua awajue. Nélio akaniambia, "Andika wewe, mama. Mimi nikiandika inatoka kama ankara ya maji."

Nikaandika kurasa mbili. Nikasema wajukuu wangu watalala chumba cha mbele, nikasema mtini naujua, baba yangu alikuwa nao, na kwamba kila Novemba tutaukunja matawi na kuufunika baridi isiuue, na hakuna atakayeugusa kwa shoka nikiwa hai. Bi Assunta alikuwa na mnunuzi mwingine, mjenzi, aliyempa dola elfu sitini zaidi yetu. Akamkataa, akatupa sisi. Nilipokwenda kumshukuru alinishika mashavu akasema, "Dada, yule alitaka kiwanja. Wewe umeitaka nyumba yangu." Tangu hapo ananipigia simu kila siku baada ya chakula cha mchana, nusu Kiitaliano nusu Kireno, ananifundisha, tawi usilikunje kwa haraka, lifunike kwa zulia kuukuu, na juu kabisa weka ndoo maji yasiingie.

Sasa mshauri, Jumapili iliyopita niliwapelekea akina Nélio supu ya sukuma na viazi, nikaikuta meza imejaa ramani za ujenzi. Ramani sijui kuisoma, lakini jiko nalijua hata likichorwa. Nikahesabu. Majiko manne.

"Nélio, nyumba ya Bi Assunta mbona ina majiko manne?"

"Weka supu kwanza, mama."

"Nimekuuliza."

"Tunabomoa, tunajenga nne. Moja tunakaa, tatu tunapangisha, jiji linaruhusu siku hizi. Kwa riba ya sasa mshahara wangu hauwezi kulipa mkopo wa nyumba moja, hata tukila mkate na maji."

"Na mtini?"

"Mtini si mpangaji, mama. Haulipi kodi."

Mkwe wangu Vera muda wote huo alikuwa kwenye sinki anaosha kikombe kile kile kimoja, nikajua na yeye alijua. Nikasema basi nitamweleza Bi Assunta. Nélio hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Alisema, "Ukimwambia akagoma, sisi tunabaki juu ya viatu. Halafu usije kuniuliza wajukuu wako wanalala wapi."

Na bado sijakwambia lote. Benki haikumkubali peke yake, kwa hiyo tarehe 28 natia saini ya mkopo pamoja naye kwa wakili wake, na nyumba yangu mwenyewe, ambayo mimi na marehemu mume wangu tuliilipa miaka ishirini na sita kwa kusafisha ofisi za watu, inawekwa rehani. Jana Bi Assunta kapiga tena, anauliza zulia nimeshapata. Nikasema nimepata. Mshauri, sina zulia lolote, na simu ikilia tena sijui kama nitaipokea. Nikisema, nimemwangusha mwanangu. Nikinyamaza, nimemdanganya mjane. Nifanye nini?

Mama wa Majiko Manne, Toronto

*

Mama wa Majiko Manne,

Barua yako imenifikia tarehe 20. Una siku nane, kwa hiyo sitakubembeleza sana.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Mwanao kutaka kujenga nyumba nne si dhambi. Familia nne zitapata paa katika mji ambao paa limekuwa kama dhahabu. Na anayeuza nyumba habaki na haki ya kuitawala milele. Bi Assunta angeweza kumuuzia yule mjenzi, mtini ukang'olewa, na wewe usingehusika.

Lakini hakumuuzia. Aliacha dola elfu sitini mezani kwa sababu ya karatasi yako. Ulipoandika uliamini ulichoandika, hapo huna kosa. Tangu Jumapili unajua, na bado kwenye simu ulisema una zulia. Hapo, dada yangu, kosa limeanza kuwa lako. Usimsingizie Nélio.

Nikugombeze na la pili. Umekubali kuweka rehani jasho la miaka ishirini na sita kwa ramani ambayo hukuwahi kuonyeshwa, na ungetia saini mbele ya wakili wa mtu mwingine. Mapenzi ya mama hayakukatazi kuuliza.

Kesho asubuhi tafuta wakili wako mwenyewe. Wa mwanao hapana, wa dalali hapana. Mpe karatasi zote, umuulize mambo mawili: nyumba yangu itakuwaje mwanangu akishindwa kulipa, na arubuni mliyotanguliza kumlipa Bi Assunta itakuwaje biashara hii ikivunjika. Huenda mkaipoteza fedha hiyo. Ujue hivyo kabla hujafungua mdomo, usije ukajuta ukiwa njiani.

Kisha mwite Nélio na Vera, waambie siku utakayokwenda kwa Bi Assunta, na kwamba kiti chao kipo. Mkifika mwambieni yote, majiko na mtini, halafu mumwachie achague. Akitaka mkataba uvunjwe kwa hiari ya pande zote, mawakili waandike. Akisema mjenge, basi mwanao amlipe bei aliyoikataa kwa mjenzi. Na akisema nendeni zenu, ondokeni bila kujitetea. Nélio asipokwenda, nenda peke yako, mchana, kwa miguu yako. Jibu lake lisipopatikana, tarehe 28 kalamu yako ibaki mkobani.

Mwanao atanuna. Tishio lile la wajukuu lilikuwa baya na nadhani yeye mwenyewe analijua, ndiyo maana alilisema kwa sauti ya chini. Usilijibu. Jumapili wapelekee supu kama kawaida.

Leo mchana Bi Assunta atapiga simu. Pokea. Kama yote hayatoki kwa mara moja, anza na dogo. Mwambie zulia huna.