Kupe Waliobaki

Jumatatu, 4 Machi 1996
Josho tena. Ng'ombe arobaini kabla ya saa nne. Migori nzima hakuna anayewasukuma majini kama mimi, na darasa niliachia la sita. Lakini kupe hawafi siku hizi. Dawa ni ile ile. Mzee Okoth huleta nusu ya ng'ombe wake tu. Bahili, huwa namcheka. Ajabu, kupe wake bado wanakufa.

Ijumaa, 8 Machi
Shavu la Ochi limevimba tena. Mdogo wangu, miaka saba. Mwaka jana sindano mbili za hospitali ya Homa Bay zililifanya linywee kabisa. Daktari alitaka sita. Mama pia. Mimi nikasema, "Mama, mtoto anapiga mpira, sindano za nini?" Hatukurudi. Mjuaji mimi. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 12 Machi
Wodini, Homa Bay. Sindano zile zile. Ochi katapika, kisha akanicheka nilivyonyoa. "Omera, kaka yangu, kichwa kama cha kambare!" Mdomo kaurithi kwangu.

Jumatano, 20 Machi
Uvimbe haujapungua. Umefunga jicho. Daktari anasema sindano za kwanza ziliua chembe dhaifu za saratani, zikabaki chache sugu, na hizo ndizo zimejaa sasa.
Nikamwambia, "Daktari, hao ni kupe."
Akacheka. Nikamweleza josho. Nikamweleza Mzee Okoth: kupe wa ng'ombe wasiooshwa wanazaana na wakaidi, ukaidi unapungua. Chembe hazioani, akasema, ila zinagombania nafasi. Basi tupige kidogo, nikasema, dhaifu wabaki wawabane sugu. Akaacha kucheka. Swali zuri, akasema, jibu hana. Tena dhaifu waliobaki ni wachache mno, na dawa nyingine hapa haipo.
Nikauliza la mwisho. Sindano sita zingewamaliza? Huenda. Huenda sugu walikuwepo tangu mwanzo. Hajui.
Siku nyingine ningejisifu wiki nzima kwamba nilimnyamazisha daktari. Leo nilitaka anishinde.

Alhamisi, 21 Machi
Sikula. Mama hajanilaumu. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 31 Machi
Tuko nyumbani; sindano hazina kazi tena. Ochi anakunywa uji kwa kijiko, kidogo kidogo. Asubuhi aliuliza kama tutarudi kule kwa sindano. Nikasema hapana. Akafurahi.
"Si nilikwambia nimepona?"
Nikamwambia ndiyo.