Nyumba Mbili Chini ya Bati Moja

Malaba, Jumatano, mwezi wa tano, 1966

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya uvivu isiyozidi wala kukoma. Malori yamepanga foleni hadi karibu na kanisa, na madereva wamelala humo humo, nyayo zimetokeza madirishani. Mimi nimeshona sketi mbili za shule, nimepika, nimekula. Mtu akiniuliza najisikiaje, nitamwambia sijisikii vyovyote.

Leo ilikuwa siku ya kuitwa majina ya nyumba.

Niandike kwa mpangilio. Halmashauri imejenga nyumba za kodi nafuu nyuma ya soko, safu mbili ndefu, kila safu milango sita, na bati moja limefunika milango yote. Sakafu ni saruji. Bomba liko uani. Sisi tunaishi chumba kimoja nyuma ya loji ya madereva, na wapangaji wa usiku mmoja hukojolea ukuta wetu wakiona uvivu kufika chooni. Kwa hiyo tuliomba. Nusu ya Malaba iliomba, na ndiyo maana ikabidi ipigwe kura.

Juma lililopita majina yalikunjwa yakatiwa kwenye mkebe wa biskuti, na aliyeyachota ni mzee kipofu anayeuza kamba sokoni, ili asije mtu akasema mchotaji alichungulia. Mume wangu Barasa, ambaye kazi yake ni kuziba pancha za malori kando ya barabara, alipata. Mama yangu mzazi, ambaye aliomba peke yake na watu wakamcheka, naye alipata.

Furaha yetu ilidumu kutoka pale hadi nyumbani. Tulipofika, Barasa alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mama amepewa mlango gani?"

"Wa kwanza."

"Na sisi?"

"Wa tatu."

"Safu ile ile?"

"Ile ile."

"Bati moja, basi," akasema, na hakula.

Kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye, hatumii choo anachotumia yeye. Wakikutana njiani Barasa huingia kwenye majani akampa mgongo, na mama hujifunika leso akatafuta njia nyingine. Wageni hudhani ni ugomvi. Kumbe sijawahi kuona wakwe wanaopendana kama hawa wawili. Kila nikitoka kwa mama huniuliza kama mkwe wake amekula, na kila nikirudi Barasa huniuliza kama mama bado anakohoa.

Kwa halmashauri, nyumba ni mlango. Kwetu sisi, nyumba ni paa. Tena kuta za ndani za zile nyumba hazijafika juu, zimeishia kimo cha mtu aliyenyosha mkono. Mtu akipiga chafya mlango wa kwanza, wa sita atamwambia afya.

Nilikwenda kumweleza karani wa halmashauri. Ni mgeni huku, lakini ni muungwana, alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo si shida, Mama Wandera," akaniambia. "Kwanza wakubali nyumba. Baadaye mmoja atabadilishana na mtu wa safu ile ingine, mimi nitawasaidia. Lakini siku ya kuitwa kila mtu akuwe ndani mwenyewe. Jina likiitwa na hauko, linatoka, tunachukua mtu wa akiba."

Nilirudi nikiimba. Kila mtu nyumba yake, na bati lake. Kilichotakiwa tu ni mama na Barasa wawe ndani ya chumba kimoja kidogo, asubuhi moja.

Hakuna aliyeliona hilo. Sisi watatu tunaoishi na desturi hii kila siku, hakuna.

Leo mama alifika mapema, akaketi kwenye benchi kando ya mlango, mlango ule mmoja tu wa ofisi. Barasa akaja na shati lililopigwa pasi. Alipoweka mguu kizingitini akamwona. Alirudi kinyumenyume kama aliyekanyaga moto, akashuka ngazi, akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi. Akaipa ofisi mgongo, ili mama akitoka wasije wakaonana uso kwa uso.

Mama naye alikuwa amekiona kivuli chake. Akainuka, akajifunika leso hadi puani.

"Mwambie mkwe aingie," akaninong'oneza. "Nisimzibie njia. Mimi nitarudi akishatoka."

Akashika njia ya soko la samaki. Kila mmoja amempisha mwenzake, na ndani hakubaki hata mmoja wao. Nilibaki mimi mlangoni na mwavuli.

Sikuwahi hata kuufungua. Karani akaita mlango wa kwanza, jina la mama. Kimya. Akaita wa pili, mtu akasema niko. Akaita wa tatu, Barasa. Kimya tena. Wazee wa kamati wakaanza kuguna, na watu wa akiba waliosimama ukutani wakanyosha shingo.

Karani akanijia.

"Mama Wandera, watu wako wako wapi?"

"Wako karibu."

"Hawa wazee hawawezi kungoja wawili, watasema napendelea. Nitawaomba wangoje mmoja. Kimbia ulete mmoja."

"Yupi?"

"Hiyo sasa ni yako."

Nilitoka. Ghala liko kushoto, karibu sana. Soko la samaki liko kulia, ni mwendo kidogo. Barasa alikuwa amesimama vile vile, mgongo kwangu, maji yanamtiririka kwenye kofia. Mvua ilikuwa inapiga bati la ghala, hakusikia viatu vyangu. Ningenyosha mwavuli ningemgusa.

Nilipinda kulia.

Sababu ninayo, na ni nzuri. Baba alipofariki, ndugu zake walitaka mmoja wao amrithi mama. Mama akakataa. Wakachukua shamba, naye akaja Malaba na gunia la omena, dagaa wa ziwani, aliyoinunua Sio Port, akaanza upya uzeeni. Analala stoo, baina ya magunia ya samaki, na maji ya mvua yanaingia chini ya mlango. Usiku kifua chake hulia filimbi. Sisi chumba chetu ni kibaya, lakini ni chumba. Nikiieleza hivyo mbele ya watu, hakuna atakayenilaumu.

Ila kuna sababu nyingine ambayo sitaieleza mbele ya watu. Siku ile ya mkebe, jina la Barasa lilipotoka nilipiga makofi. Jina la mama lilipotoka nilikaa chini kwenye majani. Kwa hiyo pale nje ya ofisi sikuwa na la kupima. Nilikuwa nimeshachagua kabla sijaambiwa nichague.

Nilimkuta mama chini ya kibanda cha wauza samaki.

"Mkwe ameshaingia?" akauliza kwanza.

"Ameshapita," nikasema. "Twende."

Neno moja, halikunigharimu chochote. Angejua Barasa yuko nje ananyeshewa, asingenyanyua mguu. Aliingia, akasema niko kwa sauti kubwa mno, akatia dole gumba kwenye wino, akatoka akilitazama. Nilimsindikiza kwa njia ya mbali isiyopita ghalani. Mlango wa tatu wakampa muuza mikate.

Haijawa rasmi. Ijumaa mkubwa wa nyumba anakuja kutoka Busia kuthibitisha majina na kugawa funguo, na karani amesema mwenye neno aseme kabla ya hapo. Naweza kwenda kumwambia kwamba Barasa alikuwepo, kwamba ni heshima iliyomweka nje. Labda watamrudisha. Labda watasema mkoroganyo huu ni wa familia moja, wawatoe wote wawili. Kwa hiyo tunangoja, kila mmoja anangoja kitu chake.

Mchana huu nimejaribu kujiambia kwamba wasingeweza kukaa bati moja hata hivyo. Ni maneno matupu, karani alishasema watabadilishana.

Barasa alirudi ameloa chapachapa. Alinivulia kofia mlangoni, jambo ambalo halifanyi.

"Nisamehe, Mama Wandera," akasema. "Nimepoteza nyumba. Nilikuwa nadhani mama bado ako ndani, nikaendelea kungoja. Kumbe wamemaliza."

Nikamwambia abadili nguo.

Alikunywa chai. Akauliza kama mama amepata, nikasema amepata.

"Afadhali," akasema. "Na kile kifua chake. Kama ni mmoja tu, afadhali yeye."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesema mvua imepungua. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaendelea kuisugua ingawa ilikuwa safi. Nilitaka kulia na sikulia. Sasa najua kwamba ningemgusa bega pale ghalani nikamwuliza, angenijibu hivyo hivyo, na nyumba ingekuwa zawadi kutoka kwake. Mimi nilimnyang'anya kitu ambacho angekitoa mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma, si muuza mikate.

Na tangu arudi anajilaumu, nami namwacha.

Baadaye alitoka tena kwenye mvua, nikadhani ameenda kutuliza hasira kwa wenzake wa matairi. Alirudi na sukari imefungwa kwenye gazeti, ameificha ndani ya koti isilowe. Akaiweka mezani.

"Mpelekee mama kesho," akasema. "Mwambie mkwe wake amefurahi. Mimi siwezi kufika, unajua."

Najua.

Mama akipokea sukari hiyo ataniuliza mkwe wake atapewa mlango gani wakishabadilishana. Nikimwambia kweli, atairudisha nyumba kabla ya Ijumaa, namjua, atarudi kwenye stoo yake bila kununa hata kidogo. Nikimdanganya, atahamia, na siku ile ile ataona muuza mikate anafungua mlango wa tatu na sisi bado tuko nyuma ya loji.

Kesho nitamwambia Barasa, kabla hajaenda kazini, kabla sijashika sukari. Huyo nimeshamkatia shauri.

Mama je?