Nilitia Tiki Mbili

Chumba namba nne,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
14 Septemba.

Mpendwa binti yangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo mama? Mkwe wangu mnyamavu hajambo? Na mjukuu, meno yameshatoka au bado tunafanana? Mimi mzima, ila goti la kushoto limejitangazia uhuru, linakunjika likipenda lenyewe.

Kura ya maoni imepita. Bila shaka umesikia redioni huko kwamba tumekataa kuungana na nchi zenu. Basi mpaka ni uleule, na kibali cha kuja kuniona utakisubiri kama zamani. Mwaka wa tatu huu.

Sasa nikuungamie, maana kwenye simu nilikudanganya kwamba nilipiga ndiyo. Siku ile nilivaa koti langu la harusi, nikapanga foleni. Karatasi ina swali moja tu: tuungane au tusiungane? Mimi fundi viatu, mteja akija namuuliza kiatu kinambana wapi. Hawa hawakuuliza panapobana. Nikatia tiki kwenye ndiyo, kwa ajili yako. Halafu nikawakumbuka wale wakubwa wa mbali watakaotutungia sheria bila kuujua hata uchochoro wetu, nikatia na kwenye hapana. Nikatoka kifua mbele, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jirani yetu kinyozi alikuwemo kwenye kuhesabu. Kesho yake akatusimulia kwamba kituoni petu kuna bwege alitia tiki mbili, kura ikatupwa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kitanda chako.

Najua kura yangu isingeigeuza nchi. Lakini ilikuwa yako.

Kinyozi anasema nusu ya watu hawakwenda kupiga, je, hiyo nayo ni sauti ya wananchi? Moyoni nikasema: wao angalau hawakuharibu karatasi.

Sasa serikali inataka tuulizwe tena mwakani. Kinyozi kakasirika kweli: "Mzee, hawa watatuuliza mpaka tuchoke, tuseme wanachotaka."

Ana haki, ni uhuni mtupu. Ila mwanangu, uhuni huo nauombea kila siku. Nimeshahamia sufuria ndogo kuliko zote, na bado chakula kinabaki.

Nisalimie dada yako mshonaji, mwambie koti limeliwa na mende kwapani. Mkwe mpe mkono, mjukuu mbebe kwa niaba yangu. Mungu awatunze, awafungulie njia.

Ni mimi baba yako, akupendaye hata asipoulizwa.