Kabati la Shemeji Yako na Samaki wa Mwanao

Juu ya Karakana ya Seremala,
Mlango wa Kijani.
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele, na pole kwa baridi ya huko. Mgongo wako umepata nafuu? Mwanetu anakula vizuri, au bado anakagua sahani kama bwana afya? Sisi miili ni mizima. Roho yangu tu ndiyo imechafuka, na nisipokueleza wewe nitapasuka.

Ni habari ya wale samaki wa dhahabu ambao mwanao alituachia mlipohama, Mnene na Bwana Harusi. Unakumbuka tuliahidi kuwatoa kwenye dishi la plastiki na kuwanunulia tangi la kioo. Basi kazi hiyo akajitwalia shemeji yako, seremala wetu bingwa.

Ungedhani mtu anayenunulia samaki tangi ataanza na samaki. Wapi! Yeye alianza na kabati. Alikuwa amelichonga kabati jipya la sebuleni na kuacha nafasi katikati, basi akapima nafasi ile, akaenda dukani na vipimo vyake. Muuza samaki alimwonya mbele yangu: "Mzee, hawa wanakua mpaka wanapita kiganja, na wanachafua maji sana. Wawili hawa wanataka maji ya ndoo kubwa sita, na tangi liwe pana, siyo refu kwenda juu."

Shemeji yako akamjibu, "Hilo halitaingia kwenye kabati." Nilitamani ardhi inimeze.

Akarudi na kijisanduku cha kioo kinachojaa kwa ndoo moja. Kiliingia kabatini barabara, hata kidole hakipiti. Kila mteja akapandishwa sebuleni kwangu kukisifia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Mimi niliyekuwa nakisafisha ndiye ninayejua uvundo wake. Leo nabadilisha maji, kesho kutwa yana rangi ya mchuzi uliochacha na kioo kimeota utelezi. Mikono yangu ilinuka mpaka nikawa nakula kwa kijiko.

Lakini kinyaa changu hasa si cha maji, mdogo wangu. Ni cha mtu mzima anayewaona samaki wakipanda juu kutafuta hewa, halafu anamwita mgeni aje aone vanishi ya kabati.

Mnene alikufa Jumanne. Nilimkuta amelala ubavu, tumbo limevimba. Unajua shemeji yako alisema nini? "Afadhali, sasa nafasi inatosha." Nilimtazama kama simjui. Tangu siku hiyo chai anajichemshia mwenyewe.

Bwana Harusi nikamhamishia kwenye beseni langu kubwa la kufulia, maji nikiwa nimeyaacha yatulie kwanza. Nilitegemea atanyoosha ule mkia wake wa maringo. Wapi, alikaa katikati ya beseni akizunguka mduara mdogo, saizi ileile ya kijisanduku, kana kwamba kioo bado kimemzingira. Nililia, sikufichi.

Tangi pana nimeshaliagiza. Litakaa pale lilipo kabati, na kabati litashuka karakanani, apende asipende. Ameniuliza kwa upole ile nafasi ya katikati sasa ataweka nini. Nimemwambia aweke kichwa chake.

Nisalimie bwana wako, mama mkwe wako na yule jirani yenu mshonaji anayecheka kwa sauti. Mungu awafunike huko mliko na awape riziki isiyo na masimango.

Mwanetu mwambie ukweli. Usimwambie Mnene aliugua. Mwambie alikosa nafasi, na wakubwa tuliona. Kisha mwambie kwamba leo asubuhi, nikiwa nimeinama kando yake nafua kwenye ndoo, sabuni mkononi, Bwana Harusi aliuacha ule mduara wake, akaenda moja kwa moja mpaka akagusa ukingo wa beseni.

Dada yako akupendaye daima,
Mama wa Mlango wa Kijani